Mbele ya kulaumu shofere, pima esie



Leo siandike juu ya mahindi wala juu ya mbolea. Naandika juu ya mapine, yale matairi ya remorke. Najua kuko mtu atauliza: huyu mwenye licence ya agronomie anaingia mu mambo ya garaje kufanya nini? Jibu ni fupi. Mahindi yenye kubaki kando ya barabara juu pine imepasuka, hayajakuwa mavuno bado. Tena nilikosea mtu mu mambo haya, na sipendi mwingine wetu arudilie kosa lile.

Tulikuwa tunavuna mwezi wa tano, shamba iko ku barabara ya Kasenga, kilometa 60 hivi mbele ya kufika Lubumbashi. Tulikuwa na pikopu moja ya zamani na remorke ya esie mbili, mapine manne. Mu wiki sita tuliharibisha mapine matatu. Mimi njo nilikuwa nashika buku ya matumizi. Nikaona feza ya urea inakwenda paka ku mapine, nikaita shofere. Ni papa mtu mzima, ananipita miaka zaidi ya 20. Nikamwambia: papa, unakimbiza sana, unapiga kila shimo. Akanijibu pole pole: «Enjenyere, mi niko nasikia mu volanti, hii remorke inavuta upande.» Sikumsikiliza. Tukamkatia dola 20 ku mshahara wa ule mwezi.

Pine ya nne ilipoanza kuisha, mekanisye mmoja wa pale mutaa aliniuliza swali moja tu: «Mulishapima esie?» Hatukuwa tumepima hata siku moja.

Pine inasema, lakini inafaa kujua kuisoma

Sisi wa agronomie tunafundishwa hivi: ukiona jani la mahindi limegeuka njano, usikimbilie kumwaga dawa ku jani. Angalia kwanza njano imeanzia wapi. Ikianzia ku majani ya chini na kufuata mustari wa katikati, utafikiri azote. Ikifuata kando kando ya jani, utafikiri potasiamu. Pine iko vile vile. Fasi yenye kuisha inakuonyesha kule ugonjwa unatokea.

Ikiisha ku mabega yote mawili na katikati ikabaki nzima, upepo ni kidogo ao muzigo umepita kipimo. Ikiisha katikati tu, upepo umezidi. Ikiwa na mabonde mabonde, hapa imeliwa, hapa haijaliwa, angalia rulma zenye kulegea, resori yenye kuchoka, ao gurudumu lenye kukosa balansi.

Ikiisha upande mmoja tu, hapa njo watu wengi wanapotea. Linganisha mapine mawili ya esie moja. Kama yote mawili yanaisha kwa ndani, mara mingi esie imepinda kwa ajili ya uzito: katikati imeshuka, na vichwa vya magurudumu vinaegemeana kwa juu. Lakini kama ya kushoto inaisha kwa nje na ya kuume inaisha kwa ndani, njo kusema yote mawili yanaliwa ku upande ule ule wa barabara, fikiria esie yenye kukaa mshazari chini ya shasi.

Kuko tena alama ya mkono. Pitisha kiganja juu ya pine kutoka ndani kwenda nje, kisha urudishe. Kama kwenda ni laini na kurudi kunakwaruza kama meno ya musumeno, ile pine inavutwa ya kando wakati inazunguka. Mimi nilipitisha mkono siku ile, na nilisikia haya kabla ya kusikia maumivu ya vidole. Yale meno yalikuwa pale tangu pine ya kwanza.

Kupima kwa kamba na metre

Haiombe mashine. Inaomba metre ya chuma, kamba, choki, watu wawili, na fasi yenye kuwa sawa, yenye simenti kama inawezekana.

Kwanza toa muzigo wote. Weka mapine yote upepo wa kipimo kimoja, asubuhi wakati yako baridi. Vuta remorke kwenda mbele, yenye kunyooka, metre 10 hivi, na uiache pale inasimama. Usirudishe nyuma hata kidogo, juu kurudi nyuma kunapindisha mapine na resori, na kipimo kitadanganya.

Pili, pima kutoka fasi ya kufungia ku pikopu, katikati kabisa, mpaka ku ncha ya esie ya mbele, kushoto kisha kuume. Vipimo viwili vinapaswa kulingana. Mafundi wa remorke kubwa za kamyo hawakubali tofauti yenye kupita milimeta 3 hivi.

Tatu, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto, kisha kuume. Hapa njo inaomba uangalifu zaidi. Wale mafundi wanataka tofauti isipite milimeta 1 na nusu hivi.

Nne, angalia kama magurudumu mawili ya esie moja yanatazama mbele sawasawa. Inua gurudumu na kriki, weka mawe ku mapine mengine, na usiingie chini ya remorke yenye kusimama juu ya kriki peke yake. Zungusha pine na mkono huku ukishikilia choki fasi moja: itachora mustari mwembamba. Fanya vile ku mapine yote mawili, shusha, vuta remorke mbele kidogo, kisha pima kati ya mistari miwili, mbele ya esie na nyuma ya esie, kwa urefu ule ule kutoka chini. Kama mbele na nyuma zinaachana sana, esie imepinda.

Yetu ilitoa nini? Esie ya mbele ilikuwa nzuri, tofauti milimeta 2. Kati ya esie mbili: kushoto milimeta 850, kuume milimeta 832. Tofauti milimeta 18. Esie ya nyuma ilikuwa imerudi nyuma kwa upande wa kushoto.

Milimeta 18 ni kitu gani?

Mwenzangu mmoja alicheka: milimeta 18 ni upana wa kidole! Basi tufanye hesabu. Kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kuume kulikuwa metre 1 na 60. Gawanya milimeta 18 kwa 1600, unapata karibu 0,011. Maana yake, kwa kila kilometa moja, esie ya mbele na ya nyuma zinataka kuachana metre 11. Lakini haziwezi kuachana, zimefungwa ku shasi moja. Basi nani anakubali? Ni pine. Inateleza ya kando, kidogo kidogo, bila shofere kuona. Ku safari ya kilometa 60, ni zaidi ya metre 670 za kukwaruzwa, zenye kugawanywa kati ya esie mbili. Weka juu yake tani mbili za mahindi na jua la saa saba. Pine inapata moto, mpira unachoka, kisha inapasuka.

Remorke ya esie moja ingeweza kutembea upande kidogo na kufuata njia yake, na mapine yasingeumia sana. Lakini ya esie mbili haina njia ya kukimbilia, juu kila esie inavuta kwake. Ni shida ile ile wanayo watu wa Marekani wenye kuvuta nyumba za magurudumu, zile karavani za kusafiria. Nyingi ziko na esie mbili na resori za mabamba kama yetu, na wenyewe wanashangaa mapine mapya yanaisha mu safari chache.

Nini kilisogeza esie

Ile resori ya mabamba imeshikwa ku esie na vyuma vyenye umbo la U, mekanisye wanaita mabridi. Katikati ya mabamba kunapita bulo moja, na kichwa chake kinaingia mu tundu la kiti cha esie. Kichwa kile njo kinakataza esie kwenda mbele ao nyuma. Lakini hakikuwekwa pale kubeba nguvu yote peke yake. Mabridi yakilegea, esie inaanza kucheza, kila shimo linapiga bulo, mpaka siku moja inakatika. Kutoka pale, hakuna kitu cha kukataza esie kuteleza.

Tulipofungua ya kwetu, bulo ilikuwa vipande viwili. Pembeni ya kiti tuliona fasi yenye kung'aa, bila kutu: njo njia esie ilipitia.

Sasa nani alilegeza mabridi? Remorke ilitengenezwa kubeba tani 2, gunia 40 za kilo 50. Nafungua buku yangu, naona maandishi yangu mwenyewe: 55, 55, 52, 55. Ni mimi nilisema wapakie vile, juu nilitaka kuokoa mafuta ya safari moja. Na hakuna mtu niliambia akaze mabridi hata mara moja tangu tulinunua ile remorke. Shofere hakukuwa mu ile hesabu hata kidogo.

Namna ya kutengeneza

Usikubali mtu akuambie: tusudere tu esie ku resori, imekwisha. Moto unaharibu chuma cha resori, na kesho bamba litakatika mu barabara. Usikubali pia wapashe esie moto na kuipiga nyundo. Esie yenye kupinda inabadilishwa, ao inanyooshwa baridi na fundi mwenye mashine ya kukandamiza.

Kwa kazi ya kwetu, tulifanya hivi: bulo mpya ya katikati, mabridi mapya manne ya esie ile, na mabushi mapya fasi resori inashikana na shasi, juu matundu yalikuwa yamekuwa marefu kama yai. Tukakaza mabridi kwa kupishana, kidogo huku, kidogo kule, ili yavute sawa. Tukapima tena: kushoto 841, kuume 840. Kisha safari ya kwanza yenye muzigo, tukakaza tena. Hii ya kukaza tena watu wanasahau, na bila yake unarudia ku mwanzo.

Njo baada ya pale tulinunua mapine. Si mbele. Pine mpya juu ya esie yenye kupinda ni feza ya kutupa mu moto. Na ukinunua ya okazyo, tafuta ku ubavu tarakimu nne za mwisho za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Chukua za kipimo kimoja kwa esie zote mbili. Pine yenye kuwa kubwa kuliko wenzake inabeba muzigo wa wengine.

Dola 20

Tulirudishia papa shofere feza yake. Nilikwenda mimi mwenyewe, nyumbani kwake, nikamwomba musamaha mbele ya mama na watoto, juu mbele yao njo alikuwa amepata haya ule mwezi. Akakamata feza, akaniambia: «Enjenyere, volanti haina diplome, lakini inasema.»

Mu mashamba yetu na mu makoperative yetu, sisi wenye kusoma njo tunashika kalamu na buku. Ni rahisi sana kuandika jina la mtu pale fasi ya kuandika milimeta. Basi mwenye remorke, kesho asubuhi mbele ya kupakia, kamata metre, uliza shofere anasikia nini mu volanti, na muende kupima pamoja. Kazi yote haimalize saa moja.