Pipa la Choma na gramu 24

Mashine ya kusaga niliyoikuta Choma cha Nkola, wilayani Igunga, inapozwa na pipa la lita 200 lililopandishwa juu ya matofali. Halina pampu, halina feni, halina hata kifuniko. Safari yangu ilikuwa ya habari za mpunga. Mpunga ukasubiri.

Kilichonikamata ni mpira wa juu. Umefungwa kwa tyubu ya baiskeli, nao unapanda kutoka kichwani mwa injini hadi pipani bila kushuka popote. Fundi, mzee mpole mwenye vumbi la pumba hadi kwenye nyusi, aliushika kana kwamba anapima mapigo ya moyo.

"Zamani ulipanda hapa, ukashuka, ndipo ukaingia pipani," alisema. "Hewa inajificha pale palipoinuka. Maji hayapiti tena. Injini inachemsha, na kina mama wamepanga madebe."

Kinachoyasukuma maji hayo ni kitu kidogo mno. Lita moja ya maji ya nyuzi 30 ina uzito wa gramu 996 hivi. Yakifika nyuzi 80, hubaki gramu 972. Gramu 24 tu! Ya moto, kwa kuwa mepesi, hupanda kwa mpira wa juu. Ya baridi hushuka na kuingia kwa mpira wa chini. Ndivyo zilivyopozwa injini nyingi za dizeli za Lister kutoka Uingereza, zilizoanza kuundwa 1929, na nakala zake za India. Msukumo mdogo namna hiyo haushindani na kiputo cha hewa.

Injini ilipokuwa ikichemsha, tajiri wa mashine alitaka waongeze pipa la pili. Fundi alikataa. "Nilimwambia, tajiri, hilo litachelewesha tu, halitapoza."

Nilipiga hesabu, nikaona mzee hakosei sana. Injini ya nguvu za farasi 12 ikisaga kwa nguvu zote huyapa maji joto la kilowati 9 hivi. Joto hilo lisipopata pa kutokea, lita 200 hutoka nyuzi 30 hadi 80 kwa saa moja na robo. Pipa la pili litakupa saa mbili na nusu, kisha yaleyale, ingawa mabati yake nayo yatatoa joto. Na Choma, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya nyuzi 100.

Vijana wanaojiundia mitambo ya kupoza kompyuta kwa maji huangukia hapohapo: joto likiwazidi, wanakimbilia tangi kubwa. Wao wana pampu, sawa, lakini joto lazima litoke, na linatokea kwenye rejeta inayopulizwa na feni. Hapa linatokea kwenye mabati ya pipa, kivulini, na kwenye mdomo wake ulio wazi. Lita moja ikigeuka mvuke huondoka na joto ambalo lingepandisha pipa zima karibu nyuzi 3.

Ila mvuke una gharama yake. Maji yakipungua hadi mdomo wa mpira wa juu ukabaki nje, mzunguko unakatika hata kama pipa linaonekana limejaa. Ndiyo maana fundi amechora mstari mwekundu ndani ya pipa, shubiri moja juu ya tundu hilo. Anapendelea maji ya mvua. Ya kisima huacha gamba jeupe ndani ya injini, na gamba hilo huzuia joto kutoka.

Na kiangazi? Hii ni nchi ya Unyamwezi, ambako hata misafara ya zamani ilipanga vituo kwa kufuata maji. Nilimuuliza: ndoo ikiwa moja, inakwenda pipani au nyumbani?

"Muulize tajiri," alijibu, akarudi kwenye beliti yake.

Mwenye mashine ya namna hii, kabla hujanunua pipa jingine, fuata mpira wa juu kwa kidole hadi mwisho, kisha tazama maji yameishia wapi. Na injini ikishachemsha, zima, subiri ipoe. Ukiimwagia maji ya baridi, silinda hedi inaweza kupasuka.