Miezi Tisa ya Emmanuel Faber

Juni 2020, wanahisa wa Danone walipiga kura, na zaidi ya asilimia 99 wakakubali kampuni hiyo ya Ufaransa iandike katika katiba yake kwamba, pamoja na kutafuta faida, ina wajibu kwa afya ya walaji na ya dunia. Machi 2021, miezi tisa tu baadaye, bodi ilimwondoa aliyewashawishi kupiga kura hiyo, mkuu wa kampuni Emmanuel Faber. Anayetaka kuielewa kazi ya mkuu wa kampuni ya chakula na aitazame miezi hiyo tisa.

Faber hakuanzia kiwandani. Alisoma biashara katika chuo cha HEC, akapitia benki, na mwaka 1997 akaingia Danone upande wa fedha na mikakati. Mwaka 2005 akakabidhiwa Asia na Pasifiki. Mwaka uliofuata Danone ilishirikiana na Grameen, kundi la mikopo midogo la Muhammad Yunus, kujenga kiwanda kidogo cha mtindi huko Bogra, Bangladesh. Mtindi ule uliongezwa vitamini na madini kwa ajili ya watoto wa maskini, akina mama wakautembeza nyumba kwa nyumba, na wenye mtaji walikubali kutochukua gawio. Naamini hapo ndipo Faber alipoona kwamba hesabu za chakula zinaweza kupigwa kwa namna nyingine.

Mwaka 2014 akawa Mtendaji Mkuu. Mwaka huohuo Danone ilinunua asilimia 40 ya Brookside, kampuni ya maziwa ya Kenya. Mwaka 2017 ikainunua WhiteWave ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza maziwa ya soya na lozi, kwa dola bilioni 12.5 pamoja na madeni yake. Mwishoni mwa mwaka huo Faber akachukua na uenyekiti wa bodi.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Mtendaji Mkuu huendesha kampuni. Bodi humwajiri, humpima, na ikibidi humfukuza. Mtu mmoja akivikalia viti vyote viwili, anakuwa mtahiniwa na msimamizi wa mtihani kwa wakati mmoja. Mambo yakinyooka hakuna anayeuliza. Yakienda kombo, lawama zote zina anwani moja.

Nayo yalikwenda kombo. Korona ilifunga mikahawa, hoteli na viwanja vya ndege, mahali ambapo Evian, maji ya Danone, hunywewa kwa wingi. Mpaka wa Hong Kong ulipofungwa, biashara ya maziwa ya unga ya watoto iliyokuwa ikivuka kuingia China ilikatika. Bei ya hisa ikaporomoka. Novemba 2020 Faber alitangaza kupunguza hadi ajira 2,000, nyingi zikiwa za ofisini, na wafanyakazi waliokuwa wakijivunia maneno yake wakajiona wamesalitiwa. Ndipo mifuko ya uwekezaji ikajitokeza hadharani kumpinga: Bluebell, yenye hisa chache mno, na Artisan, yenye takriban asilimia 3.

Asilimia 3 inamng'oaje mkuu wa kampuni? Hisa za Danone zimetawanyika kwa maelfu ya watu na mifuko, na hakuna mmoja anayeweza kumkingia kifua kiongozi. Penye familia moja yenye hisa nyingi, kama ilivyokuwa Brookside kwa familia ya Kenyatta, mkuu hujua mlango wa kubisha. Faber hakuwa na mlango huo.

Wapo waliosema ameangushwa na maadili yake. Sikubaliani nao. Kile kipengele cha katiba kilibaki baada ya yeye kuondoka. Kiliilinda dhamira ya kampuni. Yeye hakikumlinda, wala hakikuandikwa kwa ajili hiyo. Kilichomwangusha ni kuyabeba madaraka peke yake katika mwaka ambao mauzo yalishuka, huku akiwa amepoteza watetezi ndani ya nyumba. Nasikitika, kwa sababu alikuwa miongoni mwa wakuu wachache waliothubutu kuweka gharama ya hewa ukaa kwenye hesabu za faida kwa kila hisa, mbele ya macho ya wawekezaji.

Januari 2022 alianza kuongoza bodi ya kimataifa, ISSB, inayotunga viwango vya taarifa za uendelevu na tabianchi ambazo kampuni hutoa kwa wawekezaji. Viwango viwili vya kwanza vilitoka Juni 2023, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoanza kuvipokea.