Je, Wajua? Maikrofoni Ina Kisogo

Je, wajua kwamba maikrofoni nyingi za mezani zina upande usiosikia vizuri? Aina hiyo huitwa kadioidi, jina lenye asili ya neno la Kigiriki la moyo, kwani eneo inalonasa sauti likichorwa hufanana na moyo. Husikia kilicho mbele, na cha kisogoni hukipuuza kwa kiasi kikubwa.

Kwa mchezaji wa gemu aliyechoka na hedifoni zinazobana na kutia masikio jasho, na anayetaka kutumia spika badala yake, siri iko hapo: weka maikrofoni kati yako na skrini, uso wake ukuelekee wewe na kisogo kielekee spika. La sivyo, wenzako mtandaoni watasikia sauti zao zikiwarudia, kero isiyovumilika.

Umbali nao una neno. Ukiisogeza kutoka sentimita 40 hadi 20 mbele ya mdomo, sauti yako huongezeka kwa takriban desibeli 6. Ya spika hubaki karibu vilevile. Kwa hiyo maikrofoni ya kawaida iliyo karibu na mdomo huweza kuishinda ya bei mbaya iliyo mbali. Na spika? Punguza sauti yake kidogo.