Mpangaji ndiye benki: Hesabu za nyumba za familia pembezoni mwa Dar

Familia yenye watoto wawili au watatu ikianza kutafuta nyumba Dar es Salaam, mara nyingi huanza kwa kuupa mji kisogo. Magomeni, Sinza na Kinondoni ni karibu na kazi, lakini vyumba ni vya kubanana, mita ya umeme ni ya kuchangia, na mtoto akitaka kucheza anacheza barabarani. Hapo ndipo yanapotajwa majina ya Goba, Madale, Bunju, Kinyerezi, Chamazi, Toangoma na Kibada. Kinachotafutwa ni kilekile kila upande: vyumba vitatu, kimoja kiwe masta, jiko la ndani, ukuta, geti na kipande cha ua.

Sensa inaonyesha uzito wa safari hiyo. Kati ya 2012 na 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, ongezeko la takriban asilimia 23. Katika miaka hiyohiyo, jirani yake Pwani alipanda kutoka 1,098,668 hadi 2,024,947, zaidi ya asilimia 80. Ukipita Kibaha, Mapinga au Vikindu asubuhi na kuona foleni ya daladala zinazoelekea mjini, unajua wapo wengi ambao kitanda chao kipo Pwani na kazi yao ipo Dar.

Biashara inayowalaza watu hawa haina makao makuu wala hisa sokoni. Imeshikwa na maelfu ya wenye nyumba wadogo, kila mmoja na nyumba yake moja au mbili. Na ukizifungua hesabu zake utakuta kwamba inajiendesha kwa fedha za mpangaji mwenyewe. Kodi ya miezi sita au mwaka mzima, ambayo wengi huiona ni tamaa ya wenye nyumba, inafanya kazi ya mkopo ambao benki hazikuutoa.

Nyumba hizi zimejengwa na nani?

Mashirika ya umma yamo, ila kwa uchache. Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa 1962, linapangisha hasa katikati ya miji, yakiwemo majengo yaliyotaifishwa 1971 na kusimamiwa na Msajili wa Majumba hadi 1990. Pembezoni mwa Dar lilijenga Kibada na Mwongozo huko Kigamboni. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF ulijenga Kijichi, Wakala wa Majengo (TBA) wakaenda Bunju, na Watumishi Housing wakaenda Gezaulole. Nyingi kati ya nyumba hizo zililenga wanunuzi, na zote kwa pamoja ni sehemu ndogo ya mahitaji ya jiji la watu zaidi ya milioni tano.

Mchango mkubwa zaidi wa serikali ulikuwa viwanja. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Mwaka 2002 ukaanza mradi wa viwanja 20,000 uliofungua maeneo kama Kibada, Kisota, Toangoma, Mwanagati, Buyuni, Mivumoni na Bunju. Kwingineko, kama sehemu kubwa ya Goba, watu walinunua vipande vya mashamba kwa wenyeji, wakajenga, na urasimishaji ukaja kuwakuta wameshahamia.

Juu ya viwanja hivyo amejenga nesi, mwalimu, mfanyabiashara wa Kariakoo, mstaafu aliyeshika kiinua mgongo, na Mtanzania aliyeko ughaibuni anayetuma hela kwa kaka yake. Anaanza na msingi. Boma linasimama, linakaa misimu miwili ya mvua bila paa. Hela ikipatikana anapaua, na mwisho kabisa zinakuja plasta, vigae na madirisha. Siku nyumba inapopata mpangaji, mara nyingi mwenye nyumba hadaiwi na benki hata shilingi.

Kwa nini kampuni hazijengi za kupangisha

Tuchukue mfano wa kubuni wenye tarakimu rahisi: nyumba ya vyumba vitatu iliyogharimu Sh60 milioni pamoja na kiwanja, inayopangishwa kwa Sh400,000 kwa mwezi. Kwa mwaka inaingiza Sh4.8 milioni, yaani asilimia 8 ya mtaji, kabla ya kupaka rangi, kukarabati pampu na kuhesabu miezi ambayo nyumba inakaa tupu.

Sasa linganisha na bei ya fedha. Tanzania ilitunga sheria ya mikopo ya nyumba mwaka 2008, na Kampuni ya Rehani ya TMRC ikaanzishwa 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu. Hata hivyo, riba ya mikopo hiyo kwa kawaida imekuwa kati ya asilimia 15 na 19, na mikopo yote ya nyumba nchini haijafikia hata asilimia 1 ya pato la taifa. Mwenye kukopa Sh60 milioni kwa asilimia 16 atadaiwa riba ya karibu Sh9.6 milioni katika mwaka wa kwanza pekee, mara mbili ya kodi yote anayokusanya. Upande wa pili, katika miaka ya karibuni hatifungani za serikali za miaka 20 na 25 zimelipa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, bila fundi wala mpangaji msumbufu.

Kwa hesabu hizo, kampuni yenye akili haiwezi kukopa na kujenga nyumba za kupangisha familia za kipato cha kati. Mtu binafsi anaweza, kwa sababu hesabu zake ni za aina nyingine. Fedha zake ziliingia kidogokidogo, tofali kwa tofali, na kama angezishika mkononi zingekwisha kwenye harusi na misiba. Anategemea thamani ya kiwanja ipande lami ikifika. Anafikiria uzee na urithi wa watoto. Kwake kodi ya mwezi ni nyongeza, na faida yenyewe imelala kwenye ardhi.

Hapa kuna jambo ambalo wapangaji husahau. Anayelipa Sh400,000 kwa nyumba hiyo anaitumia kwa bei ya chini sana kuliko ambayo angelipa kuikopea. Ule usemi wa vijiweni kwamba kupanga ni kumwaga hela hausimami mbele ya riba ya asilimia 16. Kinachomuumiza mpangaji wa pembezoni mwa jiji ni ratiba ya malipo zaidi kuliko bei yenyewe.

Miezi sita mkononi

Katika mfano wetu, kodi ya miezi sita ni Sh2.4 milioni. Ongeza kodi ya mwezi mmoja ambayo kwa desturi ni ya dalali, unafika Sh2.8 milioni kabla hujalipia gari la kuhamisha vyombo. Mwenye nyumba akitaka mwaka, ni Sh5.2 milioni. Mfanyakazi anayebaki na Sh1.2 milioni baada ya makato anaweza kumudu kodi ya mwezi kwa mwezi. Hela za miezi sita kwa mpigo hana, na hatazipata bila kukopa.

Anazipata kwenye kikoba, Saccos, mkopo wa mshahara au kwa shemeji. Mwenye nyumba naye anazipokea na kuzipangia kazi siku hiyohiyo: kumalizia ukuta, kuchimba kisima, kuezeka boma la pili, kulipa ada za Januari. Amepata mtaji bila dhamana na bila kujaza fomu. Riba haikufutika, imehamia kwa mpangaji. Mpangaji amekopa kikoba ili mwenye nyumba asikope benki.

Upo pia upande wa hofu. Mwenye nyumba hana pa kuangalia kama mgeni wake ni mlipaji mzuri, na mgogoro ukifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya unaweza kuchukua miezi. Kwa hiyo anashika fedha mapema. Mpangaji anabeba hatari iliyobaki. Akigundua wakati wa mvua za masika kwamba nyumba ipo bondeni, au akihamishwa kazi mwezi wa tatu, hela yake imeshageuka saruji.

Kinachopanga bei

Nyumba mbili za ramani moja, zilizojengwa na fundi mmoja, zinaweza kupishana kodi kwa mbali. Cha kwanza kinachoulizwa ni umbali kutoka lami. Ikiwa baba na mama kila mmoja anapanda bodaboda ya Sh1,500 kwenda kituoni na Sh1,500 kurudi, kwa siku 22 za kazi familia inatumia Sh132,000 kwa mwezi. Nyumba ya ndani zaidi iliyoonekana nafuu kwa Sh100,000 imeshakuwa ghali.

Ndiyo maana miradi ya usafiri huchora upya ramani ya kodi. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, Kigamboni iliacha kutegemea pantoni na njia ndefu ya Kongowe pekee, ingawa wenye magari wanalipia kuvuka. Mwezi uliofuata mabasi yaendayo kasi yakaanza kati ya Kimara na Kivukoni. Stendi ya Magufuli ilipozinduliwa Mbezi Luis Februari 2021, eneo lililokuwa kituo cha njiani likawa lango la jiji.

Maji yanafuata. Uhaba wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mamlaka ya maji ya DAWASA ikalazimika kutoa maji kwa mgawo, uliwafundisha wapangaji kuuliza maswali mapya: simtenki ni la lita ngapi, kisima kipo, maji yake ni ya chumvi? Mwenye tenki kubwa na pampu hupata mpangaji haraka kuliko mwenye vigae vya kifahari.

Kisha kuna shule. Kwa familia, huenda hiki ndicho kipimo kikali kuliko vyote. Mtoto anayesoma mbali na nyumbani anasubiri basi la shule saa kumi na moja alfajiri. Shule nzuri ikifunguliwa jirani, nyumba zinazoizunguka hupata wapangaji wa kudumu, kwa kuwa mzazi hapendi kumhamisha mtoto katikati ya mwaka. Kwa mwenye nyumba, mpangaji mwenye watoto shuleni ni mapato yaliyotulia.

Dalali, serikali na LUKU

Dalali analaumiwa sana, lakini katika soko lisilo na orodha ndiye orodha yenyewe. Anajua nani anahama mwezi ujao na nyumba ipi ina mgogoro wa mirathi. Tatizo lipo kwenye malipo yake. Analipwa mpangaji akihama, hivyo mpangaji anayetulia miaka mitano hamlipi kitu tena. Wengine hutoza pia hela ya kuonyesha nyumba, ambayo mteja harudishiwi hata akionyeshwa magofu.

Upande wa sheria, udhibiti wa kodi za nyumba uliokuwa chini ya sheria ya 1984 ulifutwa 2005. Tangu hapo pande mbili zinategemea Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba, ambao mara nyingi ni karatasi mbili zenye muhuri wa serikali ya mtaa. Kanuni za 2025 zilizopiga marufuku kutoza bei kwa fedha za kigeni ziligusa zaidi Masaki na Oysterbay, maana Chamazi na Kinyerezi zilikuwa za shilingi siku zote.

Kwenye ushuru, pango linatozwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Mjadala mkali uliibuka mwanzoni mwa 2023 pale mpangaji wa kawaida alipotajwa kuwa ndiye wa kukata na kuwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Mitaani, mwenye nyumba anayetaka Sh400,000 zake kamili anaweza tu kupandisha bei hadi karibu Sh444,000, na zuio likageuka mzigo wa aliyetumwa kulikusanya. Kodi ya majengo nayo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, sasa Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, hivyo mpangaji makini huiandika kwenye mkataba ili irudi kwenye hesabu ya pango.

Pa kuanzia

Kila wazo la kuzuia kwa amri kodi ya miezi sita linapokuja, hupigiwa makofi. Lakini amri pekee itaondoa mtaji bila kuleta mwingine. Maboma yatakaa zaidi bila paa, na wenye nyumba watapokea miezi sita kimyakimya huku risiti ikisema mmoja. Dawa ni kumpa mwenye nyumba mahali pengine pa kupata Sh2.4 milioni. Benki au Saccos inaweza kumkopesha kwa kuangalia kodi ya kila mwezi inayopita kwenye simu yake, na historia hiyohiyo ya malipo ikamtambulisha mpangaji kwa mwenye nyumba mwingine. Vyombo vyote vipo tayari, kwani wengi wanalipana kwa simu hata leo. Kinachokosekana ni taasisi ya fedha iliyokaa chini na kuona kwamba wateja wa pande zote mbili ni wake.

Hadi atokee wa kufanya hivyo, mwenye kutafuta nyumba ajue silaha yake ipo wapi. Kuomba apunguziwe Sh20,000 kwa mwezi kunamwokolea Sh120,000 kwa miezi sita. Kuomba alipe miezi mitatu badala ya sita kunamwachia Sh1.2 milioni asizohitaji kukopa siku ya kuhamia. Na mwenye uwezo wa kulipa mwaka anapaswa kutambua kwamba anatoa mkopo, naye adai malipo ya mkopeshaji: punguzo la mwezi mmoja, kodi isiyopanda kwa miaka miwili, au tenki la maji lisimikwe kabla hajaingia.