Spana ya Upepo: Nguvu Isiyohisiwa na Mkono

Msafiri apitaye katika miji iliyo kandokando ya barabara kuu zetu, iwe Morogoro, Makambako au Voi, hakosi kusikia mlio mkali wa kugongagonga utokao katika vibanda vya mafundi wa magurudumu. Ni mlio wa spana ya upepo: chombo chenye umbo kama la bastola, kilichofungwa kwenye mpira mrefu utokao kwenye tangi la kompresa. Nati ambayo kwa spana ya mkono ingemtoa fundi jasho, chombo hiki huifungua katika sekunde chache.

Manufaa yake hayana ubishi. Hata hivyo, spana hii ina tabia moja ambayo hapana budi ieleweke kabla ya kuishika: nguvu inayoifikia nati si ile inayohisiwa na mkono. Mtu atumiaye spana ya kawaida huonywa na misuli yake mwenyewe kwamba nati imekaza. Mtu atumiaye spana ya upepo haonywi na chochote. Katika makala haya tutaeleza kwa nini iko hivyo, na kwa nini abiria aliyeketi ndani ya basi ana haki ya kutaka fundi wake alifahamu jambo hili.

HEWA ILIYOSHINDILIWA

Mwaka 1662 mwanasayansi Robert Boyle alitangaza kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huijifunza: ukipunguza ujazo wa gesi hadi nusu bila kubadili halijoto yake, kanieneo yake huwa maradufu. Kompresa hufanya kazi hiyo hiyo. Huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya tangi. Tangi la lita 100 ambalo saa yake inaonyesha kanieneo mara 8 ya ile ya angahewa, lina hewa ambayo ikiachiwa nje ingejaza nafasi ya lita 900 hivi.

Hewa iliyoshindiliwa ni kama springi iliyobanwa: imehifadhi nishati, nayo iko tayari kuitoa. Wachimbaji wa handaki la reli lipitalo chini ya milima ya Alps, kati ya Ufaransa na Italia, walianza kuendesha mashine za kutoboa mwamba kwa hewa ya namna hii mwaka 1861, na handaki hilo likafunguliwa mwaka 1871. Hewa ile iliendesha mashine, kisha ikawapa wachimbaji pumzi safi.

NYUNDO NDANI YA SPANA

Fundi abonyezapo kifyatulio, hewa huingia katika silinda ndogo yenye rota. Rota hiyo ina vibao vyembamba vinavyoweza kuingia na kutoka katika mifuo yake. Hewa husukuma vibao hivyo, nayo rota huzunguka kwa kasi kubwa. Kama rota ingeunganishwa moja kwa moja na nati, isingeweza kufungua nati iliyokaza, kwa maana nguvu yake ya kuzungusha ni ndogo. Basi mabingwa waliobuni chombo hiki waliweka kati yao nyundo ya chuma. Rota huizungusha nyundo, nyundo hushika kasi, kisha hugonga ghafla mhimili unaobeba soketi. Hurudi nyuma, hushika kasi tena, hugonga tena. Mapigo haya huweza kufika elfu moja au zaidi kwa dakika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme rota huipa nyundo nguvu ya kuzungusha, ambayo katika fizikia huitwa momenti ya kani, ya nyutoni-mita 10 kwa muda wa sekunde 0.05. Tuseme tena kwamba pigo lenyewe huchukua sekunde 0.0005 tu. Msukumo uliokusanywa katika muda mrefu umetolewa katika muda mfupi mara mia. Kwa hiyo momenti inayoifikia nati ni kubwa mara mia, yaani nyutoni-mita 1,000 kwa wastani. Ndiyo sababu msumari usiokubali kuzama kwa kusukumwa na kidole gumba huzama kwa pigo moja la nyundo.

Je, mkono huhisi nini? Kanuni ya tatu ya Newton yasema kwamba kila tendo lina tendo-mkabala lililo sawa nalo. Lakini pigo ni jambo kati ya nyundo na mhimili peke yao. Gamba la spana, ambalo ndilo liliomo mkononi, huhisi tu momenti ya rota, yaani zile nyutoni-mita 10. Katika mshiko ulio sentimita 20 kutoka kwenye mhimili, hiyo ni kani ya nyutoni 50, sawa na kubeba mzigo wa kilo 5. Mkono wahisi kumi, nati yapata elfu. Ubora wa chombo na hatari yake vimetoka katika chanzo kimoja.

NATI HUSHIKWA NA NINI?

Wengi hudhani kwamba gurudumu huning'inia kwenye bolti zake kama koti kwenye msumari. Sivyo. Bolti ikikazwa hurefuka kidogo sana, kama springi, na katika kutaka kurudi kwenye urefu wake hulibana gurudumu dhidi ya habu. Msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaolizuia gurudumu lisicheze.

Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba springi hurefuka kwa kadiri ivutwavyo. Kanuni hiyo ina mpaka. Chuma kikivutwa kupita mpaka wake wa unyumbufu hakirudi tena: bolti imerefuka moja kwa moja, mbano wake umepungua, nayo huweza kukatika siku yoyote njiani. Kwa upande mwingine, katika ukazaji wa kawaida sehemu kubwa ya momenti, yapata tisa ya kumi, humezwa na msuguano wa meno na wa uso wa nati; kumi ya moja tu ndiyo ivutayo bolti. Kutu au uchafu vikiongeza msuguano, nati huonekana imekaza kumbe bolti haikuvutwa vya kutosha. Gurudumu hilo litalegea.

Nati ya gurudumu la gari dogo kwa kawaida huhitaji nyutoni-mita 100 hivi. Ya lori kubwa huweza kuhitaji 600 hivi. Kiasi hasa husomwa katika kitabu cha gari lenyewe. Spana ya upepo yenye uwezo wa nyutoni-mita 500 ikiachwa ilie juu ya nati ya gari dogo kwa sekunde chache zaidi, hakuna awezaye kujua imeifikisha wapi. Kwa hiyo utaratibu ulio salama ni huu:

1. Safisha meno ya bolti na uso wa habu. Anza kila nati kwa vidole, ili meno yasipishane.
2. Tumia spana ya upepo kufungulia, na katika kufunga itumie kwa kusogeza nati tu, si kwa kukaza.
3. Kaza kwa zamu nati zinazokabiliana, si zinazofuatana, ili gurudumu likae sawasawa.
4. Malizia kwa spana ya kipimo, ile ya mkono inayoonyesha au kulia inapofika momenti iliyowekwa.
5. Gari likisha kwenda kiasi cha kilomita 100, pima tena. Rangi na kutu vilivyobanwa hukaa, na mbano hupungua.

SOKETI NA MPIRA

Soketi za mkono, zile zing'aazo, zimetengenezwa kwa chuma kigumu chenye kuta nyembamba. Kigumu mara nyingi ni chepesi kuvunjika: mapigo mfululizo huzitia nyufa, kisha hupasuka na kurusha vipande kama risasi. Soketi za spana ya upepo, ambazo kwa kawaida ni nyeusi, zina kuta nene na chuma kinachostahimili mapigo. Usizichanganye. Vaa miwani ya kukinga macho hata kwa kazi ya nusu dakika, kwa kuwa kipande cha chuma hakiulizi umekusudia kukaa muda gani.

Spana nyingi za gereji hutumia hewa ya kanieneo ya kilopaskali 620 hivi. Juu ya kila sentimita moja ya mraba, hiyo ni kani ya nyutoni 62, sawa na uzito wa kilo 6. Hewa ya namna hiyo huweza kupenya kwenye jeraha, kupasua kiwambo cha sikio au kuharibu jicho. Mzaha wa vijana wa gereji wa kumwelekezea mwenzao mpira wa upepo mwilini umewahi kutoboa matumbo na kuua. Kanuni za kazi za Marekani haziruhusu hewa ya kusafishia vitu kufikia kilopaskali 207, hata ikiwa kinga nyingine zipo. Hewa ya kompresa si ya kupangusia vumbi nguoni. Tena, kabla ya kubadili soketi au kufungua mpira, funga hewa na ubonyeze kifyatulio mpaka iishe ndani.

TANGI LENYE KUTU

Hewa ya nje ina mvuke wa maji. Ikishindiliwa kisha ikapoa, mvuke hugeuka maji na kutuama chini ya tangi, hasa katika miji ya pwani yenye unyevunyevu mwingi. Maji hayo hula chuma kutoka ndani, mahali pasipoonekana, huku rangi ya nje ikiendelea kupendeza. Tangi tulilolitaja la lita 100 limehifadhi, kwa kukadiria, nishati ya jouli 100,000, ambayo ingeweza kuliinua gari la tani moja kimo cha mita 10. Likipasuka, nishati hiyo yote hutoka kwa mara moja.

Fungua koki ya chini kila siku ili maji yatoke. Usifunge kwa waya wala kuziba vali ya usalama, ikilia, imekuokoa. Usichomelee tangi lililotoboka. Tangi na lipimwe na mkaguzi, ambaye hulijaza maji badala ya hewa: maji karibu hayashindiliki, kwa hiyo hayahifadhi nishati nyingi, na tangi likishindwa huvuja bila kulipuka.

MASIKIO NA VIDOLE

Mlio wa spana hii huweza kufika desibeli 100. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani hupendekeza desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda upunguzwe nusu. Kwa desibeli 100 hubaki dakika 15 tu. Uziwi wa kelele huja polepole, hauna maumivu, wala hauna dawa ya kuurudisha usikivu.

Mtetemo nao huumiza mishipa ya damu na ya fahamu. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliotumia nyundo za hewa, akakuta vidole vyao vikigeuka vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi. Kupumzika mara kwa mara, kulegeza mshiko na kutia mafuta ndani ya spana hupunguza madhara hayo.

HITIMISHO

Chombo kimwongezeacho binadamu nguvu mara mia humnyang'anya pia hisia iliyokuwa ikimwongoza. Pengo hilo halizibwi kwa uzoefu peke yake, maana uzoefu wa mkono hauwezi kupima kisichoufikia mkono. Huzibwa kwa kipimo. Fundi amaliziaye kazi kwa spana ya kipimo haonyeshi woga; anaonyesha kwamba ameijua mashine yake.

Maswali ya kujipima

1. Fundi mwenye uzito wa nyutoni 600 amesimama kwenye ncha ya mpini wa spana ulio mlalo, wenye urefu wa mita 0.5. Momenti ni kiasi gani? Je, yafaa kwa gari dogo?
2. Tangi la lita 50 linaonyesha kwenye saa kanieneo mara 7 ya angahewa. Hewa yake ingejaza lita ngapi nje?
3. Kwa nini tangi hupimwa kwa maji?

Majibu: (1) Nyutoni-mita 300, imezidi mno. (2) Lita 400, kwani saa haihesabu angahewa moja iliyokuwamo tangu awali. (3) Rejea sehemu ya tangi.