Kuachia Chaki, Kushika Swali: Kufundisha kwa Maigizo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizipitia mbinu shirikishi ambazo kila mwanachuo wa ualimu anazijua kwa majina: bungua bongo, changanya kete, kisa mafunzo, matembezi ya galari, igizo dhima. Tukasema kuzijua kwa majina ni jambo moja, kuzitumia mbele ya watoto ni jambo jingine. Leo tuchukue moja tu, igizo dhima, tuifuate hadi darasani.

Mwaka mmoja nilikwenda kumkagua mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Lilikuwa darasa la sita, wanafunzi 72, watatu watatu kwenye dawati na penginepo wanne. Somo ni Historia, mada ni kuingia kwa ukoloni wa Kijerumani. Andalio lake la somo halikuwa na kasoro. Ubaoni aliandika kwa hati nzuri kwamba tarehe 29 Novemba 1884, Chifu Mangungo wa Msovero, Usagara, alitia saini mkataba wa ulaghai na Carl Peters. Wanafunzi wakanakili. Akauliza, “Mmeelewa?” Wakaitika kwa sauti moja, “Ndiyo, mwalimu!” Kengele ikalia.

Nje nikamsimamisha kijana mmoja niliyemwona akinakili kwa bidii. Nikamwuliza kwa nini Mangungo alitia saini. Hakusita hata kidogo: “Kwa sababu alikuwa mjinga.”

Sikumlaumu mtoto yule. Somo lilimpa tarehe, jina na hukumu, lakini halikumkalisha hata dakika moja mahali alipokaa Mangungo. Na mtoto anayetoka darasani akiamini kwamba wazee wake walitawaliwa kwa sababu ya ujinga wao amejifunza jambo baya zaidi ya kutojua.

Jioni ile mimi na mwanachuo tulikaa chini tukalipanga somo upya, na juma lililofuata akalirudia. Safari hii aliweka viti vitatu mbele. Cha kwanza alimkalisha msichana awe Mangungo, cha pili mvulana awe Peters, na katikati yao mkalimani. Peters alipewa karatasi iliyojaa maandishi yasiyosomeka. Sharti lilikuwa moja: Peters haruhusiwi kumsemesha Mangungo, anamnong’oneza mkalimani tu, na mkalimani ndiye anayesema. Mkalimani akasema mgeni anataka urafiki, tena urafiki wa kudumu, na ameleta zawadi. Kanga ya mwalimu ikawekwa magotini pa chifu. Msichana akaitazama karatasi juu na chini, akamtazama mkalimani, akachora alama yake.

Ndipo mwalimu akaigeuza karatasi. Nyuma yake aliandika kwa Kiswahili maana ya mkataba wenyewe, ambao kwa kweli uliandikwa kwa Kijerumani: kwamba chifu anaitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, itumiwe na chama cha ukoloni cha Wajerumani. Alimpa msichana yule yule aisome kwa sauti. Alipofika katikati sauti ilimpungua. Darasa lote la watoto 72 likanyamaza, na nadhani walimu wenzangu wanajua thamani ya kimya cha namna hiyo.

Baada ya hapo kiti cha Mangungo kikawa kiti cha maswali. Mmoja akauliza, “Kwa nini hukuomba muda ufikiri?” Msichana akajibu, “Niliambiwa ni urafiki. Urafiki unaombewa muda?” Mwingine akauliza, “Kwa nini hukutafuta mtu mwingine wa kukusomea?” Akajibu, “Nani?” Kisha kutoka nyuma kabisa mtoto mmoja akamgeukia yule ambaye hakuna aliyekuwa na habari naye: “Na wewe mkalimani, ulikuwa unajua?”

Swali hilo halikuwamo katika andalio la somo. Limezaliwa na igizo. Kijana mkalimani alibabaika, akasema aliogopa, kisha akasema hakuyaelewa maneno yote. Darasa likagawanyika, wengine wakimtetea na wengine wakimshutumu. Mwalimu hakukimbilia kutoa hukumu. Aliugawa ubao mara mbili, upande mmoja akaandika “Tunayoyajua”, upande wa pili “Tuliyoyabuni”, akawataka watoto wapange. Tarehe, Msovero, lugha ya mkataba na maneno ya urafiki vikaenda upande wa kwanza. Kanga, hofu ya mkalimani na majibu ya chifu vikaenda upande wa pili. Akaongeza yaliyo kwenye kumbukumbu: kwamba Peters na wenzake walifika Unguja mwanzoni mwa Novemba 1884, wakakusanya mikataba ya aina hiyo Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami kwa majuma machache tu, na tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, serikali ya Ujerumani ikaipa kazi yao hati ya ulinzi. Sasa tarehe zile zilikuwa na mahali pa kushika, kwa sababu watoto walikuwa wakizihitaji.

Nimelieleza somo hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna kanuni yote ninayotaka kuitetea. Igizo la darasani halipimwi kwa uhodari wa waigizaji. Linapimwa kwa swali linalobaki igizo likiisha. Mwalimu anayejifunza mbinu hii anajifunza mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili ni magumu: kuachia chaki na kushika swali. Akishindwa la kwanza, igizo linakuwa hotuba yake iliyovishwa watoto. Akishindwa la pili, watoto wanacheka, wanafurahi, na wanatoka mikono mitupu. Mimi mwenyewe katika mwaka wangu wa kwanza kazini niliendesha igizo la soko katika somo la Hesabu, kelele zikajaa hadi darasa la jirani, kengele ikalia kabla hatujahesabu chenji hata mara moja. Sikuwa na swali. Nilikuwa na vurugu iliyopangwa vizuri.

Wapo wanaodhani mbinu hii imeletwa na wageni. Tukumbuke jinsi bibi anavyoanza hadithi. Anasema “Paukwa!” na haendelei mpaka aitikiwe “Pakawa!” Mtega kitendawili hatoi jibu bure, anayeshindwa sharti atoe mji. Ngonjera nayo ni hoja zinazoshindana kwa zamu mbele ya watu. Katika utamaduni wetu msikilizaji ana kazi. Ni shule iliyomkalisha kimya.

Hata hivyo si vibaya kujifunza kwa waliolifanyia kazi jambo hili duniani. Uingereza alikuwapo Dorothy Heathcote, aliyezaliwa 1926, akaingia kiwandani kufuma sufu akiwa na miaka 14. Mwaka 1950 aliajiriwa kufundisha walimu Newcastle bila kuwa na cheti cha ualimu. Mchango wake mkubwa ni kumwingiza mwalimu mwenyewe ndani ya igizo. Mwalimu anakuwa mjumbe aliyepotea njia, au mzee anayehitaji ushauri, na watoto wanakuwa wataalamu anaowategemea. Anayejua anageuka kuwa anayeuliza, na mtoto analazimika kufikiri kwa sababu mtu mzima aliye mbele yake anamhitaji.

Brazil alikuwapo Augusto Boal. Mwaka 1973, akiwa Peru katika kazi ya elimu ya watu wazima, alikuwa akiigiza matatizo ya watu na kuwaomba ushauri, kisha waigizaji wanautekeleza ushauri huo jukwaani. Siku moja liliigizwa tatizo la mke aliyedanganywa na mumewe. Mwanamke mmoja katika hadhira alishauri mke azungumze na mume kwa uwazi. Waigizaji wakajaribu, akasema sivyo. Wakajaribu tena, sivyo. Boal akamwomba apande aonyeshe mwenyewe. Alipanda, na “mazungumzo ya uwazi” aliyoyamaanisha yalikuwa kipigo cha nguvu kwa aliyeigiza mume, ndipo waongee. Boal anaeleza kwamba hapo alielewa: mtu akisema kwa mdomo tunasikia maneno yetu wenyewe, akisimama akatenda, tunamwona yeye. Tangu hapo mtazamaji wake akawa na haki ya kusimamisha igizo, kuingia, na kulibadilisha.

Na nyumbani tunayo hazina yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na wanakijiji kuyachambua matatizo yao kwa ngoma na maigizo, mojawapo likiwa mimba za wasichana wadogo. Mwaka 1996 ukazaliwa mpango wa Tuseme kwa wasichana wa shule za sekondari, ambao baadaye shirika la FAWE lenye makao yake Nairobi liliusambaza katika nchi nyingine za Afrika. Utaratibu wake mwalimu yeyote anaweza kuushika: wanafunzi wanalitaja tatizo, wanalichambua chanzo chake, wanatunga igizo, wanalionyesha, wanajadili na watazamaji, kisha wanaamua hatua ya kuchukua. Onyesho ni hatua moja tu kati ya sita. Hapa ndipo igizo la darasani linapoachana na tamasha la mashindano, kama lile la shule za Kenya lililoanza mwaka 1959 na ambalo limelea vipaji vingi. Tamasha linatafuta onyesho bora, na hilo ni jambo jema. Darasa linatafuta uelewa, hata kama onyesho ni la kuparaza.

Walimu wataniambia: wanafunzi 72, dakika 40, mtihani mbele. Haya ni malalamiko ya kweli, nami siyapuuzi. Lakini igizo la Msovero lilichukua dakika nane, viti vitatu na karatasi moja. Wengine 69 hawakukaa bure. Safu ya kwanza ilipewa kumchunguza Peters, ya pili chifu, ya tatu mkalimani, na kila safu ilidaiwa swali moja. Kuna mambo mengine mawili ya kuzingatia. Usimlazimishe mtoto kuigiza kidonda chake mwenyewe; yatima asipewe kilio cha yatima. Na igizo likiisha, mvue kila mmoja dhima yake waziwazi, umwite kwa jina lake, ili aliyekuwa Peters asiitwe Peters hadi likizo.

Haya yote hayafundishiki kwa mhadhara. Vyuo vyetu vinakosea pale mkufunzi anaposimama saa mbili akisomea wanachuo sifa za mbinu shirikishi, nao wakinakili. Mwanachuo akalie kiti cha maswali yeye kwanza, ahisi mikono inavyotoa jasho, ajue ni swali lipi linamfungua mtu na lipi linamfunga. Atakayekuwa amekipitia hatakitumia hovyo.

Nirudi darasa la sita. Kabla ya kipindi kwisha mwalimu aliuliza kama leo bado wapo wakalimani. Yule kijana aliyeniambia Mangungo alikuwa mjinga aliinua mkono. Akasema bibi yake hajui kusoma, na karatasi za kiwanja zikija nyumbani yeye ndiye humsomea. Akanyamaza kidogo, akaongeza: “Zile ndefu huwa naruka.”

Hakuna aliyecheka. Mwalimu naye hakusema neno, na alifanya vyema.

Sehemu ya tatu itahusu upimaji: mwalimu anatoaje alama kwa alichojifunza mtoto huyu?