Unauza vihenge vya bati mtandaoni? Muonyeshe mteja kiungo

Mdau wa Sumbawanga, Laela, Matai na kwingine Ufipa: mahindi yakianza kuvunwa tu, picha za vihenge vya bati zinajaa kwenye status. Bati linang'aa, bei imeshuka. Lakini kinachoamua kama mteja atakula mahindi yake au atayala dumuzi hakionekani kwenye picha. Ni kiungo, pale bati linapokutana na bati.

Bati jembamba halipendi joto kubwa. Chuma chenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 1500, ila zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka kwenye 420 na kuchemka kwenye 907. Fundi akichomelea kwa umeme, zinki inaondoka na moshi mweupe (usiuvute, unaleta homa), bati linatoboka au kupinda, na kutu inaanzia hapohapo.

Wenye viwanda nao walisumbuliwa na joto. Mwaka 1991 taasisi ya TWI, kule Cambridge, Uingereza, ilibuni kulehemu kwa msuguano: pini ngumu inazunguka kwa kasi kwenye kiungo, metali inalainika bila kuyeyuka, inakorogwa kama ugali mpaka pande mbili zinashikana. Inafaa sana kwa alumini. Apple waliitumia kwenye iMac ya 2012. Kwa bati jembamba lazima vipande vibanwe kisawasawa, na mashine yake si ya kuweka barazani. Ukiletewa kihenge cha "teknolojia ya msuguano" kwa bei ya mtaani, uliza maswali.

Halafu Ufipa kuunganisha chuma bila kukiyeyusha si habari mpya. Wafua chuma wa Kifipa walichoma mawe kwenye malungu, matanuru marefu yasiyohitaji mivukuto, wakasafisha chuma kwenye tanuru dogo, kisha wakakifua kwa nyundo kikiwa cha moto mpaka kikashikana.

Fundi bati wako anakwepa joto kwa njia yake. Anakunja kingo mbili ziumane kama vidole, anazigonga, anapitisha lehemu. Lehemu inayeyuka chini ya nyuzi 250, zinki inabaki salama. Lehemu nyingi ina madini ya risasi, kwa hiyo ipite upande wa nje tu. Hili msisitizie fundi, ni chakula kile.

Kabla hujapost, subiri giza, weka tochi ndani ya kihenge, funga, zunguka taratibu. Nuru ikichungulia hata kama tundu la sindano, rudisha kwa fundi. Kihenge kinaua wadudu kwa kuwanyima hewa, ndiyo maana wengine huwasha mshumaa juu ya mahindi kabla ya kufunga. Hiyo ya tochi irekodi video, inauza kuliko maneno. Weka na picha ya kiungo kwa karibu, ujazo kwa magunia, na geji. Geji 30 ni nyembamba kuliko 26, wengi wanadhani kinyume.

Mteja ajue pia kwamba kihenge hakikaushi mahindi. Atie punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, atikise. Chumvi ikinata kwenye chupa, bado. Akijaza mabichi yataoza, na lawama utapewa wewe.

Kwenye gari kihenge kisilazwe chini ya mizigo ya watu. Kikibonyea kwenye kiungo, lehemu inapasuka. Andika kwenye tangazo mapema nani atalipia hapo.